Mchango wa Bi. Mize

1

Sijapata kukutana na mtaalamu hodari kama mnyoo. Nimepita vyuo vitatu, nimefundishwa na watu ambao picha zao zimetundikwa kwenye kuta za kumbi, na bado nasema hivyo. Mnyoo hana macho, hana masikio, hana mkono wala mguu. Anaishi gizani, ndani ya tumbo la mtu ambaye mwili wake wote umeumbwa kumfukuza. Na bado anakaa. Anakaa miaka mingi, kwa sababu hapigani na mwenye nyumba. Anatoa protini moja ndogo, na protini hiyo inawafuata askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, na kuwaambia neno moja: tulieni. Nao wanatulia.

Neno hilo ndilo tulilomwibia. Dawa yetu tuliiita Tuliza, na mwaka ule ninaousimulia, 2071, watu milioni arobaini walikuwa wameibandika begani. Wengine walikuwa Kigoma, wengine Kinshasa, wengine miji ambayo mimi mwenyewe nilihitaji ramani kuijua.

Mwili ulionenepa kupita kiasi una vita ndani yake ambavyo mwenyewe havisikii. Mafuta ya tumboni yakijaa sana, askari huyavamia wakidhani ni adui, na katika makelele hayo insulini hubisha hodi isisikike. Sukari hubaki kwenye damu, ini huvaa mafuta, na vidole vya miguu hufa kimoja kimoja. Tuliza haikumkondesha mtu akawa mwembamba wa kwenye matangazo. Ilinyamazisha makelele, insulini ikasikika, basi.

Mama yangu mzazi ni mmoja wa hao milioni arobaini. Dada yake, Mama Mkubwa Tupokigwe, alikatwa miguu yote miwili mwaka mmoja kabla Tuliza haijatoka. Mama anayo yake, na anaitumia kupandia vilima vya Tukuyu kwenda kugombana na majirani juu ya mipaka ya migomba.

Na chemchemi ya yote hayo ilikuwa tumbo la mwanamke mmoja wa Pemba, nje kidogo ya mji wa Wete. Nchi ilikuwa imeshatokomeza minyoo. Watoto wa shule walikuwa wakiiona kwenye chupa za makumbusho na kupiga kelele. Lakini katika msako wa mwisho tulimpata Bi. Mize Shaame, akiwa na minyoo tisa ya aina ambayo haikuwemo katika kitabu chochote. Tuliomba kibali maalumu, tukapewa. Mimi ndimi niliyeandika fomu ya ridhaa, na mimi ndimi niliyekuwa nikimtembelea kila mwezi kwa miaka sita.

Jumatatu ile nilifika kwake asubuhi nikiwa na ndoo yenye mfuniko.

"Shikamoo, Bi. Mize."

"Marhaba, mwanangu. Karibu ndani. Kikopo kiko dirishani, nshakifunika."

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha jikoni. Nilichukua kikopo cha choo, nikakitia ndani ya kipanga, chombo chetu kidogo cha kuruka chenye feni nne, kikapaa juu ya mikarafuu kuelekea maabara. Dakika tisa tu kingekuwa mezani. Nikamkabidhi vidonge vyake vyekundu vya mwezi, vya kuongeza damu, naye akavipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake.

Kisha nikaisogeza ile ndoo mbele yake. Mjukuu wake, Raya, mwalimu wa hesabu, alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, na kwetu bara harusi haipiti hivi hivi.

"Na hii ni kwa ajili ya harusi," nilisema. "Nimeleta mchango wangu."

Bi. Mize aliitazama ndoo. Akanitazama usoni, halafu akanitazama tumbo.

"Mchango wako?"

"Ndiyo, Bibi. Kwa kweli ni wa mama yangu. Yeye ndiye aliyeutuma."

"Na mama naye?" Alijishika kifua. "Ndoo nzima?"

"Kilo ishirini," nilijibu kwa fahari.

"Kilo ishirini! Subhanallah! Maskini mwanangu, miaka yote hii wanihudumia mie, kumbe na wewe mgonjwa. Raya! Mletee daktari kiti. Usiiguse ndoo!"

Raya alikwisha kuifungua. Harufu ya mchele wa Kyela ikajaa ukumbi mzima.

"Bibi, ni mchele," alisema Raya huku akijiziba mdomo. "Watu wa bara wakisema mchango, wana maana ya kuchangia. Kitu unachompa mwenye shughuli."

Bi. Mize alicheka mpaka akalifuta chozi kwa ncha ya kanga. Nami nikacheka. Nilikuwa nimeshakaa Pemba miaka sita, na sikuwahi kujua kwamba pale mchango ni mnyoo wa tumboni. Tulicheka hivyo sote watatu, na katikati ya kicheko hicho yeye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Haya. Basi wangu mie utatoka lini?"

"Wako nini, Bibi?"

"Mchango wangu. Mwaka wa sita huu. Si kwamba nalalamika, naona mnavyojitahidi. Lakini harusi hii nataka kujua."

Kicheko kilinikauka. Nikamuuliza alikuwa na maana gani, ingawa nilishaanza kujua. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha, na ndani yake mlikuwa na nakala ya fomu yangu, imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa. Niliisoma mara mbili, maneno yangu mwenyewe: *Mimi Mize Hamad Shaame nakubali kwa hiari yangu kutoa mchango wangu kwa ajili ya afya ya watu wote.* Chini yake dole gumba, la wino wa zambarau.

"Si mliniambia mtautoa?" alisema.

"Fomu inasema wewe ndiye unayetoa, Bibi."

"Na mtu akisema nakwenda kutoa jino, alitoa mwenyewe? Nilikuwa na mchango, mkaja watu wa maradhi ya tumbo, mkanambia natoa mchango wangu ili watu wawe salama. Mie ningefikiri nini?"

Kulikuwa na maelezo ya sauti pia, nilikumbuka. Nilimwekea kinasa siku ile ile aliyotia dole, dakika kumi na moja za Kiswahili cha maabara: mshiriki atahifadhi viumbe hai kwa madhumuni ya uzalishaji endelevu wa kiamilishi. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa adabu. Yalipokwisha akanyamaza, nasi tukahesabu kwamba amekubali.

"Na hivi vidonge," nilisema, "ulidhani ni vya nini?"

"Vya kuutoa. Muuguzi wenu alisema ni vya kunisaidia. Havifanyi kazi, mwanangu, lakini sikutaka kuwavunja moyo. Jirani wakisema madaktari wale hawajui kazi, nawagombeza. Nasema wana imani, iko siku watafaulu."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Nauliza kwa sababu ya pilau," alisema. "Hapa Wete kabla yenu, shughuli gani iliyofanywa sikuitwa mie jikoni? Muulize mtu yeyote. Toka siku niliyoambiwa nna michango, sijaupikia umma hata chungu kimoja. Nisije nikawaambukiza watoto wa watu. Raya mwenyewe hula alichokipika kwa mkono wake. Lakini hii harusi yake, daktari. Nataka niipike mie. Ndiyo nauliza, utatoka kabla ya harusi?"

Nilimwambia nitakuja kesho kumpa jibu. Nikaondoka haraka, kikopo kimekwenda na mimi sina hata cha kubeba.

2

Maabara yetu ilikuwa na banda refu la vioo, na ndani yake mimea ya tumbaku elfu mbili chini ya taa za rangi ya zambarau. Hakuna aliyekuwa akiivuta. Majani yale tuliyatia maandishi ya urithi ya mnyoo, nayo yakawa yanatengeneza protini yake badala ya kujishughulisha na mambo ya tumbaku. Profesa Kyaruzi, mkuu wetu, alikuwa akipita kila asubuhi akiyagusa majani kwa mgongo wa kidole na kuyasalimia Kihaya. Namheshimu mzee yule mpaka leo. Alianza na mimea minne ndani ya sufuria za jikoni kwake, watu wakamcheka, naye akaendelea.

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza huku amesimama, mkono juu ya jani.

"Dole gumba lipo?" aliuliza.

"Lipo, Profesa."

"Basi ridhaa ipo."

"Aliridhia kitu kingine kabisa. Aliridhia kutibiwa."

Alivuta kigoda akakaa, na nilipomwona amekaa nilijua na yeye ameshaona ukubwa wake.

Tatizo letu lilikuwa nguo. Protini ya mnyoo haitembei uchi; imevaa vazi la sukari, limedariziwa juu yake tundu kwa tundu kama kofia ya kushonwa kwa mkono. Mwili wa mtu ukilizoea vazi hilo, unalikataa, na dawa inakuwa maji. Mnyoo analijua hilo. Kila baada ya wiki chache anabadilisha mshono kidogo, kwa kuusikiliza mwili aliomo. Hajawahi kurudia. Nimekaa miaka sita nikiitazama mishono ile kwenye kioo, na kila mwezi nimeona kitu ambacho nisingeweza kukibuni ningeishi miaka mia. Tumbaku yetu iliweza kunakili mshono wowote tuliouonyesha, ila haikuweza kubuni wa kwake. Kwa hiyo kila mwezi tulichukua mshono mpya kutoka kwa Bi. Mize, tukaupeleka bandani, na watu milioni arobaini wakapata vibandiko vipya.

Mimea iliyokuwa kwenye safu ya mwisho ilikuwa tofauti. Ilianza kujifunza. Tuliionyesha mishono ya miezi yote sitini na kitu, na sasa ilikuwa inakisia unaofuata, na mara nyingi inapatia.

"Masomo matano zaidi," alisema Profesa. "Miezi mitano, Atu, na tumbaku itasimama yenyewe. Hatutamhitaji tena yeye wala mtu mwingine. Siku hiyo mwambie kila kitu, umpe kidonge, umwombe radhi, na mimi nitakuja kupiga magoti pamoja nawe. Lakini ukimwambia leo na akitoa leo, vibandiko vilivyopo vitafanya kazi miezi mitatu. Baada ya hapo unajua."

Nilijua. Baada ya hapo askari wanaamka, makelele yanarudi.

"Akiniuliza kesho kuhusu harusi nimjibu nini?"

"Mwambie bado tunajitahidi," alisema Profesa. "Si uongo."

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililonitia hofu. Alinyanyuka, akanipiga begani pole pole, akaniuliza, "Mama hajambo lakini?" Hakunitisha, alikuwa akiniulizia mama yangu kila siku kwa miaka sita. Ila siku hiyo niliisikia vingine.

3

Mama alipiga simu alasiri ile ile. Sura yake ilijaa kwenye kioo cha mkononi, nyuma yake migomba, jasho linamtoka.

"Mchele ulifika?"

"Ulifika, Mama."

"Amefurahi?"

"Amecheka sana."

"Umemwambia ni kwa ajili ya miguu?"

Sikuelewa. Akainamisha kioo nikaiona miguu yake, imevaa kandambili, ina matope hadi kwenye vifundo.

"Mwambie yule mama, hii hapa," alisema. "Mwambie Subilaga wa Tukuyu anasema ahsante. Miaka sita nakwambia unifikishie ahsante yangu. Umeshaifikisha?"

Nilikuwa sijaifikisha, na mpaka dakika ile sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa nilijua. Ukimshukuru mtu lazima umwambie alichokupa. Kwa miaka sita tulimpimia damu, tukamletea sukari na sabuni, tukamchukulia kikopo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia ahsante kwa sentensi kamili. Pengine sehemu fulani ya akili zetu ilijua kwamba sentensi hiyo ikisemwa hadi mwisho, yeye angeuliza: ahsante ya nini?

"Atu? Mbona unalia?"

"Moshi, Mama," nilisema, nikiwa ndani ya maabara isiyo na hata kiberiti.

4

Nilikwenda kwake asubuhi iliyofuata, na mfukoni nilikuwa na kidonge cheupe. Nilikichukua kabatini kwa funguo zangu na kuandika jina langu daftarini, ili asije akalaumiwa mwingine.

Bi. Mize alikuwa amekaa mkekani anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu kule. Sikukaa kwenye kiti. Nilikaa mkekani, nikaanza kuchambua naye, kwa sababu ni rahisi kusema jambo gumu mikono ikiwa na kazi. Nilimweleza yote. Mnyoo, neno lake, vibandiko, mishono, watu milioni arobaini, miguu ya mama. Nilitumia maneno ya nyumbani. Niliona ajabu jinsi yalivyotosha.

Nilipofika kwenye vidonge vyekundu mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo hamkushindwa," alisema. "Mie najua mmeshindwa, nawaombea. Kumbe hamkujaribu."

"Hatukujaribu, Bibi."

"Nnawaombea kila alfajiri. Kwa majina. Lako lanipa tabu kulitamka, na nalitamka."

Aliokota karafuu moja, akaiweka upande wa vikonyo, akaiona, akairudisha.

"N'kuulize moja," alisema. "Na kupika? Wale watu ningewaambukiza?"

Hili ndilo nililoliogopa kuliko yote. Ningeweza kulipaka rangi. Nikamwambia kama lilivyo: yai la mnyoo yule likitoka mwilini bado ni bichi, haliwezi kumdhuru mtu. Linahitaji wiki tatu kwenye udongo wenye unyevu ndipo liwe na uhai wa kuambukiza. Kwa choo chake cha kuvuta, na mikono iliyonawa kwa sabuni, angeweza kupika harusi zote za Wete toka siku ya kwanza.

"Na nyie mwalijua hili."

"Kila mtu pale maabara analijua. Hatukukwambia kwa sababu hukuuliza. Na hatukujua kwamba umeacha kupika, kwa sababu sisi hatukukuuliza."

Bi. Mize alitazama ukutani. Pale zilining'inia sufuria zake kubwa tatu, zimefunikwa kwa kanga kuukuu zisiingie vumbi. Nilikuwa nimezipita mara sabini, nikadhani ni mapambo.

"Maulidi sita," alisema. "Harusi ya Asaa. Harusi ya watoto wa Khatib, wote wawili. Hitima ya dada yangu mwenyewe nilikaa na wageni kama mgeni." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Mumenitia utasa wa mikono, daktari."

Nililia mimi pia, bila haya. Nikatoa kidonge cheupe nikakiweka mkekani kati yetu. Nikamwambia kile ndicho chenyewe, akikimeza leo kesho kutwa hatakuwa nao hata mmoja, na kwamba mimi sitasema neno.

Alikichukua. Alikigeuza geuza kwenye mwanga. Kisha akakifunga kwenye pindo la kanga, fundo moja, akalikaza kwa meno.

"Nenda," alisema. "Harusini uje. Uliitwa, hukufukuzwa."

5

Profesa aliliona jina langu daftarini, na wiki mbili zile hakunisemesha ila kwa kazi. Sikumlaumu. Alikuwa anafika kazini kabla ya wote, anawasha taa za safu ya mwisho, anasimama pale. Kila kipanga kilipotua alikuwa wa kwanza kukifungua, ingawa tarehe ya kikopo ilikuwa bado.

Siku ya harusi nilifika mapema nikiwa nimevaa baibui la kuazima. Harufu ya pilau nilikutana nayo kabla sijaiona nyumba. Uani meko matatu yalikuwa yanawaka, sufuria tatu juu yake, na katikati yao alisimama Bi. Mize, amejifunga kanga kifuani, mwiko wa urefu wa kasia mkononi, anawaendesha wanawake kumi na wawili bila kupandisha sauti. Alionja mchuzi kwa kiganja. Alisikiliza sufuria kwa sikio, kweli, aliinama akaisikiliza, akasema moto upungue, ukapunguzwa. Nilisimama pale nimeduwaa. Nilikuwa nimeona utaalamu wa namna ile mahali pamoja tu, kwenye kioo changu, katika mishono isiyojirudia.

Kwenye pindo la kanga fundo lilikuwepo bado. Sikuweza kujua kama lina kitu ndani.

Baada ya adhuhuri sheikh alikuja mlangoni kwa bibi harusi, nasi wanawake tukanyamaza. Alimuuliza Raya kama ameridhia kuozwa. Raya alisema ameridhia. Akamuuliza mara ya pili, na ya tatu, na mara ya tatu Raya alijibu kwa sauti ya darasani, watu wakacheka na vigelegele vikapanda.

Bi. Mize alinishika mkono akanivuta mpaka uani, kwenye kivuli cha ukuta.

"Umesikia?" alisema. "Zamani mwari akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali kwake. Mie niliozwa hivyo. Na nyie mkaja mkanifanya hivyo hivyo. Lakini mie si mwari, daktari. Nna miaka sabini na moja."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi niulize."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Bi. Mize," nilisema, "tumboni mwako mna michango tisa. Tunakuomba ukae nayo miezi mitano zaidi, ili tumbaku imalize kujifunza. Itakuuma siku nyingine, na itakupunguza damu kidogo, hivyo vidonge vyekundu ni vya hilo. Ukikataa, dawa unayo, na hakuna atakayekulaumu mbele yangu. Ukikataa, watu wengi wataumwa, na mama yangu huenda akapoteza miguu. Nakwambia kwa sababu ni kweli. Si mzigo wako."

"Mama yako nani jina lake?"

"Subilaga. Anasema ahsante. Amesema hivyo miaka sita, mimi ndiye sikufikisha."

"Subilaga," alilirudia pole pole, akilionja. "Mwambie nimeipokea. Na mwambie mchele wake una harufu nzuri lakini hautaki maji mengi, ulitaka kunifedhehesha." Akatazama sufuria zake, watu waliokuwa wanapakuliwa, Raya aliyekuwa anakula sahani ya bibi yake kwa vidole vyenye hina, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Kisha akasema:

"Leta karatasi. Andika. Natoa mchango."

Nilitoa karatasi. Niliweka kalamu juu yake, na moyo wangu ulitaka kukimbia kwa furaha, lakini mkono ulikataa. Nikainua kichwa.

"Upi, Bibi?"

Bi. Mize alitabasamu mpaka mapengo yote yakaonekana.

"Ahaa," alisema. "Sasa umekuwa daktari. Andika hivi. Mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, natoa ule wenu wa bara. Siku ukiandama tu, natoa huu wangu mie."

"Profesa ameomba miezi mitano, Bibi. Ramadhani ni minne kasoro."

"Naye ajitahidi. Mie nimemvumilia miaka sita." Alishika tumbo lake kwa kiganja, kama mtu anayempiga mpangaji begani. "Hawa mabwana nafunga nao, na wao wala mchana kutwa. Mwaka huu nataka kufunga peke yangu."

Niliandika michango yote miwili, kila mmoja na siku yake, nikamsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akatia dole gumba, akalikaza lile fundo la kanga, akarudi kwenye sufuria zake.